Kikao kipi cha kuacha pombe kitakufaa? AA, SMART Recovery na vingine vikiwekwa pamoja

Kabla ya kulinganisha chochote, jibu swali hili kwa ukweli wa moyo wako: ukiamka asubuhi bila pombe mwilini, mikono inatetemeka? Jasho linakutoka, moyo unakwenda mbio, na hutulii mpaka uzimue? Kama ndivyo, usianze na kikao chochote kati ya nitakavyovieleza hapa. Anza na daktari. Mwili uliozoea pombe ya kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wapo wanaoanza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, na wasipotibiwa wengine hufa. Hapo ujasiri na maombi peke yake havitoshi, kwa kuwa ni ubongo wenyewe uliopoteza breki. Daktari anaweza kukuvusha siku hizo kwa dawa, kisha kikao kikakupokea ukiwa hai na akili zako timamu.

Nimeanza na hilo kwa sababu kuna watu husifiwa kwa kuacha kavukavu, wakajifungia chumbani peke yao, na sifa hizo zinaua.

Sasa tuje kwenye vikao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 400 duniani walikuwa wakiishi na matatizo ya matumizi ya pombe, na milioni 209 kati yao walikuwa na utegemezi kabisa. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kutoshea kwenye mlango mmoja. Hata hivyo, kosa ninaloliona mara nyingi ni la mtu kuingia kikao kimoja, kikamchukiza, akarudi nyumbani akisema "vikao havinifai." Alichokijaribu ni kikao kimoja, cha kikundi kimoja, siku moja.

Mimi nimekaa kwenye vikao vya aina mbalimbali, na nimejifunza kuvipima kwa maswali matatu. Wanataka nikubali nini kabla ya kunisaidia? Nikifungua mdomo, nani ananijibu, na kwa namna gani? Na saa tano usiku kiu ikinikaba, nampigia nani? Swali la tatu ndilo watu husahau kuuliza, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko mengine yote.

Alcoholics Anonymous (AA)

Hiki ndicho kikubwa na cha zamani kuliko vyote nitakavyovieleza hapa. Kilianzia mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa kutoka New York, alikuwa na takriban miezi mitano bila pombe. Biashara iliyompeleka Akron ikaharibika, akabaki amesimama kwenye ukumbi wa hoteli, sauti za baa zikimfikia. Badala ya kuingia baa alikwenda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Kwa njia hiyo alifikishwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekuwa akizama kwenye pombe. Juni 10, 1935, siku ambayo Dk. Bob alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA. Hadithi hii siielezi kwa uzuri wake tu. Ndiyo namna AA inavyofanya kazi mpaka leo. Mlevi humsaidia mlevi, na anayesaidia hupona zaidi kwa kusaidia.

Wanataka ukubali nini? Kujiunga, hitaji ni moja tu: hamu ya kuacha kunywa. Hakuna ada, hakuna fomu, hakuna anayekuuliza dini. Lakini ndani ya programu yenyewe kuna Hatua 12, na hatua ya kwanza ni kukiri kwamba mbele ya pombe huna nguvu. Hatua 6 kati ya hizo 12 zinamtaja Mungu au nguvu iliyo kuu kuliko sisi. AA husema ni Mungu kwa kadiri kila mtu anavyomfahamu, na wapo wasioamini wanaokaa humo miaka na miaka, wengine katika vikundi vyao wenyewe vya wasio na dini. Hata hivyo sala husomwa mwishoni mwa vikao vingi, na mtu ambaye neno hilo linamfunga koo anapaswa kulijua mapema.

Ukiongea, hakuna anayekujibu. Hili huwashangaza wageni. Unasema jina lako la kwanza, wengi huongeza "na mimi ni mlevi," unaeleza yako, watu wanakushukuru, zamu inakwenda kwa mwingine. Hakuna ushauri wa papo kwa papo wala maswali. Mwanzoni niliona kama naongea na ukuta. Baadaye nikaelewa kwamba pale ndipo mahali pa kwanza kwa miaka mingi nilipomaliza sentensi bila kukatizwa na mtu anayenionya.

Na saa tano usiku? Hapa AA haina mshindani. Mgeni hupewa namba za simu za wanachama, na baada ya muda unamwomba mtu mmoja aliyetangulia awe mlezi wako; wengi humwita sponsa. Huyo hukupitisha kwenye hatua, naye hupokea simu yako. Si daktari wala mshauri aliyesomea, na hapo ndipo pana nguvu yake na pia udhaifu wake: sponsa mzuri ni hazina, sponsa mbabe ni mzigo, na una haki ya kumbadilisha bila kuomba radhi.

Jambo lingine ni wingi. AA ina wanachama wanaokadiriwa kuzidi milioni 2 katika nchi zipatazo 180. Kwenye miji mingi unaweza kupata kikao kila siku, na wiki za mwanzo ukaribu huo una thamani kubwa kuliko ubora wa nadharia yoyote. Kikapu hupitishwa mwishoni kwa ajili ya kodi ya chumba na chai. Mgeni anaweza kukipitisha tu bila kuweka kitu, na hakuna atakayemtazama vibaya.

Utakapotafuta kikao, angalia neno "wazi" au "kilichofungwa." Cha wazi kinamruhusu yeyote, hata ndugu yako akusindikize. Kilichofungwa ni cha wenye tatizo la pombe peke yao. Kwa mara ya kwanza, kama miguu ni mizito, nenda cha wazi na mtu unayemwamini. Tazama pia kama ni kikao cha msemaji mmoja, cha kusoma kitabu, cha hatua, au cha wageni. Cha msemaji kinafaa sana kuanzia: unakaa, unasikiliza maisha ya mtu tangu glasi ya kwanza, na hutakiwi kusema hata neno.

SMART Recovery

SMART ilianza kutumia jina hilo mwaka 1994 huko Marekani, na imejengwa juu ya tiba ya fikra na mwenendo, hasa mawazo ya mwanasaikolojia Albert Ellis. Ukitoka AA ukaingia hapa, utadhani umetoka msikitini au kanisani ukaingia darasani. Simaanishi vibaya. Kuna watu ambao darasa ndilo linalowaponya.

Hutakiwi kukubali kwamba huna nguvu. Kinyume chake: mazungumzo yote yanakuchukulia kama mtu mwenye uwezo wa kuchagua ambaye amekosa zana. Neno "mlevi" halitakiwi kama jina lako, na Mungu hatajwi wala hapingwi. Kazi imegawanywa sehemu nne: kujenga na kutunza ari, kukabili kiu, kuongoza mawazo na hisia na matendo, na kuishi maisha yenye uwiano.

Kikao, ambacho mara nyingi huchukua kama saa moja na nusu, huongozwa na mwezeshaji aliyepewa mafunzo. Kila mtu anaeleza wiki yake ilivyokwenda, kisha kikundi kinachukua jambo moja na kulifanyia kazi kweli. Tuseme mmoja ana harusi Jumamosi na anaogopa. Watachora karatasi sehemu nne: faida za kunywa, hasara za kunywa, faida za kutokunywa, hasara za kutokunywa, za leo na za baadaye. Ndiyo, faida za kunywa nazo zinaandikwa, kwa sababu pombe ilikuwa inakupa kitu, na usipokitaja hutajua utakiziba na nini. Watakufundisha pia kuitazama kiu kama wimbi: linapanda, linafika kilele, linashuka, hata usipolipa kitu. Watu wanaruhusiwa kukujibu, kukuuliza, kupendekeza. Kwa asiyevumilia ukimya wa AA, hii ni nafuu kubwa.

Lakini usiku? SMART haina mfumo wa sponsa. Wanachama wanaweza kubadilishana namba, na kuna vikao vya mtandaoni, ila muundo wenyewe haukupi mtu mmoja aliye wako. Vikao vyake pia ni vichache zaidi. Sehemu nyingi utakuta kimoja kwa wiki, au hakuna kabisa mpaka uingie kwenye intaneti. Huhimizwi kuhudhuria maisha yako yote: unajifunza, unasimama, unaweza kuondoka. Wengine hilo huwapa pumzi. Wengine, na mimi ni mmojawapo, hugundua kwamba siku walipojiona wamehitimu ndiyo siku walipoanza kuteleza.

Hizi mbili bega kwa bega

Unaishi peke yako na jioni ndizo zinazokumaliza? Anza na AA, kwa ajili ya watu na simu. Una akili inayodai sababu ya kila kitu, au umewahi kuumizwa kwa jina la dini hata sala inakufanya utake kukimbia? Anza na SMART. Una aibu ya kuongea mbele za watu? AA, kwa sababu unaweza kukaa kimya mwezi mzima. Una jambo mahususi linalokuangusha, mfano hasira, mshahara kuingia au safari za kikazi? SMART italichambua jambo hilo kwa kalamu.

Na kama zote mbili zipo karibu, hakuna sheria inayokuzuia kwenda kote. Wapo wanaochukua zana upande mmoja na ndugu upande mwingine.

Watu huuliza sayansi inasemaje. Mwaka 2020 ulitoka uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Ulionyesha kwamba programu za kitabibu zinazomwelekeza mgonjwa kwenye AA na hatua zake zilisaidia watu kuacha kabisa na kuendelea kuacha, vizuri zaidi kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa, ikiwemo tiba ya fikra na mwenendo. Kwa vipimo vingine vya unywaji, matokeo yalikaribiana. Kabla shabiki wa AA hajaanza kushangilia: mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 647 kwa mwaka mzima, wakiwa katika vikundi vya hatua 12, SMART, LifeRing na Women for Sobriety (hivi viwili vya mwisho nitavieleza hapo chini). Mwanzoni watu wa SMART na LifeRing walionekana kufanya vibaya zaidi. Lakini watafiti walipozingatia lengo alilokuja nalo kila mtu, yaani kama amekusudia kuacha moja kwa moja au kupunguza tu, tofauti ilififia.

Ningeomba usome sentensi hiyo mara ya pili. Kilichotofautisha watu zaidi kilikuwa uamuzi walioingia nao mlangoni. Kwa hiyo kabla hujabishana na mtu kuhusu AA na SMART, jiulize: nimekuja kuacha, au nimekuja kutafuta namna ya kuendelea kidogo? Kwa mtu ambaye tayari ana utegemezi, "kidogo" ndiyo mtego uleule uliomfikisha hapo.

Vikundi vyenye dini yake waziwazi

Wapo ambao kwao AA ina Mungu mwingi mno, na wapo wanaoona ana ukungu mno. Hawa wa pili wanataka imani yao itajwe kwa jina.

Celebrate Recovery ilianza mwaka 1991 katika kanisa la Saddleback, California, na leo imo katika makanisa ya nchi nyingi. Inatumia hatua 12 pamoja na kanuni 8 zilizotolewa kwenye Heri za Yesu katika Mathayo. Kuna ibada ya pamoja, kisha wanaume na wanawake hujitenga kwenye makundi yao. Jambo la kujua: si ya pombe peke yake. Jirani yako kwenye duara anaweza kuwa amekuja kwa hasira, msiba au talaka. Wengine hufarijika kwa mchanganyiko huo. Mlevi wa siku ya nne anaweza kujiona mpweke humo.

Kwa Waislamu ipo Millati Islami, iliyoanzia Baltimore, Marekani, mwaka 1989, ambayo imezipanga upya hatua 12 zikafuata mafundisho ya Uislamu. Vikao vyake ni vichache mno ukilinganisha na AA. Lakini kwa Mwislamu ambaye aibu ya pombe ni maradufu, kwa sababu ni haramu kabla hata haijawa ugonjwa, kukaa na wenzake wanaoijua aibu hiyo bila kuelezwa ni rehema. Wakati mwingine mtu wa namna hii hunyamaza mpaka ini linapozungumza kwa niaba yake.

Wanawake, na wale wasiotaka dini kabisa

Women for Sobriety ilianzishwa mwaka 1975 na mwanasosholojia Jean Kirkpatrick, ambaye aliona kwamba wanawake wengi hawaingii kikaoni na kiburi cha kuvunjwa. Wanaingia wakiwa wamekwisha kuvunjika. Ndiyo maana maneno yake 13 ya programu yanajenga kuthamini nafsi badala ya kukiri upungufu. Nimeiweka hapa kwa dhati, si kwa kukamilisha orodha. Mwanamke anayekunywa hutukanwa kuliko mwanamume anayekunywa, na aliyewahi kudhulumiwa na wanaume hawezi kusema yote mbele yao. Kama hakuna kikundi hiki karibu, AA nayo ina vikao vya wanawake watupu. Omba hivyo.

LifeRing ni ya wasiotaka dini lakini pia hawataki darasa. Mnakaa, mnaulizana wiki imekwendaje, mnajibizana kama watu. Kila mmoja hujipangia programu yake. Inamfaa anayejiongoza, asiyejiongoza ataelea.

Familia ndani ya chumba

AA imejengwa juu ya kutojulikana. Lakini kuna njia nyingine kabisa ambayo nadhani wengi wetu hatujaisikia. Mwaka 1964 daktari wa akili Vladimir Hudolin alianzisha huko Zagreb klabu ambazo mlevi haji peke yake: anakuja na mkewe, mumewe, wazazi au watoto. Klabu haizidi familia 12, hukutana kila wiki, na zilienea sana Italia. Japani nako kuna Danshukai, ambayo iliiga AA lakini ikaacha kuficha majina. Wenza huketi pamoja na kuzungumza.

Ni njia yenye maana pale ambapo siri haipo tena, ambapo mtaa mzima unajua. Haifai pale nyumba yenyewe ina kipigo au vitisho, kwa sababu ukweli uliosemwa kikaoni unaweza kulipiwa nyumbani.

Na kama wewe unayesoma si mnywaji bali mke, mama au kaka wa mnywaji, kikao chako ni Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951 na Lois, mke wa Bill Wilson, pamoja na mwenzake. Vijana wana Alateen, tangu mwaka 1957. Huhitaji kungoja mgonjwa wako akubali. Unaweza kwenda leo naye akiwa bado anakunywa.

Ana kwa ana au mtandaoni?

Mtandaoni kuna kikao saa yoyote, kwa sababu dunia haisinzii kwa pamoja. Hakuna nauli, hakuna kukutana na jirani mlangoni. Kwa anayelea watoto, mlemavu, au anayeishi mahali ambapo kila mtu anamfahamu kila mtu, huo ndio mlango pekee ulio wazi. Lakini kamera inazimika, na nyuma ya kamera iliyozimwa mtu anaweza kuwa na chupa. Ana kwa ana, mwenzako anakusoma machoni kabla hujasema. Ushauri wangu: tumia mtandao kuanza leo na kuziba usiku, ila tafuta angalau duara moja la viti halisi kwa wiki kama lipo unapoweza kufika.

Dalili za kukimbia

Kikundi chochote, cha jina lolote, kinaweza kuharibika. Ondoka ukiona wanakuuzia uponyaji wa siku kadhaa, wanadai pesa ndipo usikilizwe, au kiongozi mmoja ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ndoa na kazi yako. Ondoka ukiona mkongwe anawafuatafuata wageni kimapenzi. Mgeni ni mtu aliye wazi kama jeraha. Na usikubali mwanakikundi akuamuru kuacha dawa alizokupa daktari, ziwe za sonona au za kupunguza kiu kama naltreksoni na akamprosati. AA yenyewe imeandika kwamba hakuna mwanachama anayepaswa kujifanya daktari. Niliwahi kuona mtu akiambiwa dawa zake ni "pombe ya kutafuna." Alizitupa. Hakurudi kwetu tena.

Ukiepuka hayo, kipe kikundi nafasi ya haki. Mimi husema vikao sita, na usiketi kikundi kilekile tu: jaribu vikundi viwili au vitatu vya jina moja, kwa kuwa AA ya Jumatatu asubuhi na AA ya Ijumaa usiku zinaweza kuwa kama nchi mbili.

Fika dakika kumi kabla. Mwambie wa kwanza utakayemkuta, "Ni mara yangu ya kwanza, nimekuja kusikiliza." Hutaulizwa zaidi. Kikao kikiisha, usikimbilie mlango. Baki mpaka viti vipangwe, maana namba za simu hutolewa wakati huo. Chukua tatu. Mpigie mmoja kesho, ukiwa huna shida yoyote, ili siku ya shida kidole kisiwe kizito.